Nchi Iliyoruhusu Mabanda Kugusana

Nchi ya Upenuni haimo katika ramani yoyote tuliyofundishwa shule, na wenyeji wake hawajawahi kulalamikia jambo hilo. Wana shughuli nyingine ya kuwatosha, nayo ni kupima. Aliyefika huko na kurudi ni Semkiwa, fundi cherehani wa mtaani kwetu. Haya ninayoyasimulia ni aliyoyaona yeye. Mimi nimeyapanga tu, na pale aliponyamaza nami nimenyamaza.

Semkiwa hakwenda kutembea. Alikwenda kutafuta sheria. Jirani yake, Mzee Chamshama, alikuwa amejenga jiko la kuni mkabala kabisa na dirisha la chumba alimolala Semkiwa, na moshi wote wa maharage ya nyumba ile ukawa unaishia kwenye chandarua chake. Waliambiana mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili kwa ukali, na mara ya tatu mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Tangu hapo wakawa wanapishana kichochoroni kama watu waliodondosha sindano, kila mmoja kainamisha kichwa. Miaka miwili ikapita bila hodi wala salamu. Ndipo mteja mmoja alipomwambia Semkiwa kwamba iko nchi ambayo jirani hajapata kumgombeza jirani kwa miaka mingi sana, kwa kuwa sheria yao ya ujenzi imekata mzizi wa fitina. Semkiwa akaifunga cherehani yake, akaapa kwamba ataileta sheria hiyo nyumbani hata kwa kuibeba kichwani.

Alichokiona kwanza kilimfurahisha. Mitaa ya Upenuni imenyooka, na kila nyumba ina mabanda mawili ya magari, moja kushoto na moja kulia. Banda la huyu limeegemea banda la yule kwa ukuta mmoja, na hivyo mtaa mzima umeshikana mwanzo hadi mwisho. Lakini nyumba zenyewe, yaani vyumba wanamolala, wanamolia na wanamocheka watu, hazigusani hata kidogo. Aliyempokea ni Bwana Kadiri, Mpima Ujirani wa mtaa ule, mtu mwembamba, mpole, mwenye ufito wa kupimia ambao hakuuweka chini hata alipokuwa anakunywa maji.

"Zamani nyumba zetu ziligusana," Bwana Kadiri alimweleza. "Ukuta mmoja, ndoa mbili. Wa huku wakikosana, wa kule wanajua sababu kabla ya wenyewe. Watu wakaumizana. Baraza likaamuru nyumba zitengane, zikatengana. Katikati kukawa na uchochoro, na kila mmoja akasema uchochoro ni wake. Watu wakauana."

"Hayo ninayajua," Semkiwa alisema.

"Basi wazee wakakaa wakatafakari. Binadamu akigusana na mwenzake hugombana naye. Akiachana naye, hugombea nafasi iliyobaki. Wakasema, na kigusane kitu kisichokuwa na kinyongo. Magari ndiyo yawe majirani. Sisi tubaki kuwa wenyeji."

Semkiwa alitikisa kichwa kwa kustaajabia akili ile. Bwana Kadiri akatazama ufito wake. "Baba yangu alikufa kwa sababu ya maji ya mvua yaliyokuwa yakidondoka kutoka upenu wa jirani," alisema, kwa sauti ileile ya kueleza vipimo. "Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama." Semkiwa alimpa pole, na kwa kweli ilimtoka moyoni.

Sheria zilikuwa nyingi, nazo zote zilizaliwa na ile moja. Ukuta wa chumba cha mtu sharti uwe mbali na wa mwenzake kiasi kwamba kila mmoja akinyoosha mkono dirishani, vidole visikutane. Dirisha linalotazama kwa jirani hufungwa wakati wa kupika, harufu ya mchuzi isije ikamtamanisha asiyealikwa. Sauti iliyoingia kwa dirisha haihesabiki kuwa imesikika. Ukisikia mtu analia kwake, hukusikia. Kizingiti cha jirani hakivukwi, awe hai au maiti. Barabarani tu, kwa kuwa ni pa serikali, ndipo watu walipoweza kusemezana ana kwa ana, na hata hapo hawakuwa na la kusemezana. Juu ya mlango wa baraza lao wameandika kwa rangi ya dhahabu: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wao waliziba ufa, na ukuta wakaujenga vilevile.

Kusalimiana kulikuwa kwa honi. Honi moja fupi ni sabalkheri, mbili fupi ni masalkheri, na honi moja ndefu ni pole kwa msiba. Magari yenyewe, ukweli usemwe, yalikuwa haba. Kuna waliokuwa na gari bovu lililotagiwa na kuku, na kuna ambao hawakuwa na gari kabisa. Lakini banda ni lazima, na honi ni lazima. Asiye na gari hufungiwa honi na betri ukutani, chini karibu na mlango, akawa raia kamili kama wengine.

"Na mtu akija mlangoni kwako?" Semkiwa aliuliza. "Akipiga hodi?"

"Hapa hatupigi hodi," Bwana Kadiri alijibu. "Hodi ni kuomba kuingia. Anayeomba kuingia kwa mwenzake, tayari kwake pamemshinda."

Mgeni Upenuni hulazwa bandani, maana si jirani wa mtu. Semkiwa akapewa banda la kushoto la Bi. Zamda, mjane mwenye umri wa makamo ambaye watoto wake walikwishaoa na kuolewa mitaa ya mbali. Alimpokea kwa uso mkunjufu, kwa ukarimu wa mtu aliyekaa sana bila wa kumkarimu. Alimtandikia mkeka, akamletea ugali wa moto na mlenda, akakaa pembeni kumtazama akila.

"Kula, kaka yangu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi huku hatuponi, maana wageni hawaji."

Alipomaliza kula, Semkiwa aliona kwamba mkeka mwingine umetundikwa kwenye ukuta wa mpaka, na nyuma yake kuna mtu anakohoa. Bi. Zamda alimtazama kwa muda. Kisha akauinua ule mkeka. Ukuta ulikuwa umetobolewa tundu la kupita mtu aliyeinama, na ng'ambo yake, katika banda la jirani, mzee alikuwa amelala kitandani, mguu mmoja umefungwa vijiti.

"Ni Mzee Kisauji," alisema. "Hana mke, hana mtoto, na macho hayaoni vizuri. Alianguka humo bandani kwake, akavunjika. Akajiburuta mpaka kwenye honi. Sasa, kaka, sisi hatuna honi ya kuomba msaada. Hakuna aliyepata kuitunga. Mzee wa watu akaibonyeza kwa muda mrefu, kwa nguvu zake zote."

"Honi ndefu," Semkiwa alisema.

"Honi ndefu. Mtaa mzima tukajua amefiwa. Tukamjibu, nyumba baada ya nyumba, kila mtu na honi yake ndefu ya pole. Nami nilipiga yangu. Nikasema maskini Mzee Kisauji, sijui kafiwa na nani, halafu nikarudi kupakua. Kesho yake bado analiza honi, imeanza kufifia. Tukampa pole tena. Jioni ikawa haisikiki ila kwangu mimi ninayepakana naye. Nikasema msiba gani huu usiokwisha? Nikachukua mchi wa kinu, nikapiga ukuta mpaka ukapasuka. Nilimkuta ameng'ata kanga ya marehemu mkewe."

Tangu siku hiyo alikuwa akimpelekea uji, akimgeuza, akimfulia. Mzee Kisauji, kutoka kitandani, alinyoosha mkono akipapasa kumtafuta mgeni, na Semkiwa akapita tunduni akaushika. Mkono ulikuwa mwepesi, wa joto. "Huyu mwanamke ananisumbua," mzee alisema. "Ananilazimisha kula." Alikuwa anatabasamu.

"Haya uliyoyaona," Bi. Zamda alimwambia Semkiwa akiushusha mkeka, "ni ya mgeni, si ya mtaa."

Mtu mwingine angeelewa. Lakini Semkiwa alikuwa ameipenda mno sheria ile hata akaamini kwamba haiwezi kukosa huruma. Akafikiri lazima kuna kifungu mahali. Asubuhi akiwa kwa Bwana Kadiri, anakunywa chai na kuisifu nchi, alisema, "Na jambo lililonigusa zaidi ni mlivyomwachia yule mama nafasi ya kumpitishia mgonjwa uji."

Bwana Kadiri alikiweka kikombe chini taratibu. "Nafasi ipi?"

Ulimi hauna mfupa. Semkiwa alitamani alivute neno lake nyuma kama uzi uliopita pasipotakiwa, lakini uzi ulikwishapita. Alijaribu kusema alikosea, kwamba labda aliota. Bwana Kadiri alikuwa amekwishasimama, uso wake umepauka, na hakuonekana kama mtu aliyefurahi kukamata mhalifu. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba maji yameanza kudondoka.

Baraza la Upenuni hukutania barabarani, kila mjumbe amesimama mbele ya mlango wake mwenyewe, na mwenyekiti katikati ya njia. Siku ile mtaa mzima ulitoka. Bi. Zamda alisimama kwake, kajifunga kanga kiunoni. Semkiwa aliitwa kwanza kutoa ushahidi, kwa kuwa yeye peke yake hakuwa jirani wa mtu, na huko jirani haruhusiwi kushuhudia. Alieleza yote: kuanguka, honi, pole za mtaa mzima, mchi wa kinu. Alipofika kwenye zile pole, watu walitazama chini. Semkiwa akadhani shauri limekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza linaanza. Mjumbe mmoja mnene alisema kwamba amesikitishwa sana, na kwamba kosa ni la honi. Akapendekeza itungwe honi ya nne, ya kuomba msaada. Barabara nzima ikachangamka. Huyu akataka iwe tatu fupi, yule akasema tatu fupi zitachanganywa na mtu mwenye haraka ya kutoa salamu zote. Mwingine akashauri mbili ndefu, akakatazwa, maana kuna nyumba zinazoweza kufiwa mara mbili. Ikaundwa kamati. Wajumbe wakapongezana, na kwa kitambo kirefu hakuna aliyekumbuka kwamba nyuma ya ukuta ule kuna mtu amelala.

Ni Bwana Kadiri aliyewarudisha. "Tundu limo," alisema. "Nyumba mbili zenye njia ya ndani ni nyumba moja. Nyumba moja haiwezi kuwa na wamiliki wawili. Huko ndiko tulikotoka, na mnajua tulitokaje. Ama tundu lizibwe leo, ama nyumba moja ibomolewe."

"Likizibwa, nani atamlisha?" Bi. Zamda aliuliza.

"Aletwe mtu wa mtaa mwingine," mjumbe mnene alisema.

"Mtaje jina lake."

Mjumbe akageukia mlango wake. Bi. Zamda akawageukia wengine, mlango kwa mlango, na macho yake yalipofika kwa kila mmoja, huyo akajifanya anakagua bawaba zake. Watu hawa hawakuwa wabaya. Semkiwa amenisisitizia hilo mara nyingi. Walimhurumia mzee, na kuna waliokuwa wakifuta machozi. Lakini hawakuwa wamewahi kuvuka kizingiti cha mtu, na miguu yao haikujua inavyofanywa.

Mwenyekiti akasema basi tundu lizibwe. Matofali yakaanza kuteremshwa.

Bi. Zamda alishuka barabarani. "Mheshimiwa mwenyekiti, nina swali. Sheria inaruhusu nini kigusane?"

"Mabanda."

"Banda ni kitu gani?"

Mwenyekiti akamtazama Bwana Kadiri, naye akajibu kama mtoto anayesoma alichokariri: "Banda ni kile kinachosimama kati ya nyumba na nyumba. Kinagusa huku na huku. Kinahifadhi kisichokuwa chake. Hakihesabiwi miongoni mwa wakazi."

"Basi niandikeni banda."

Hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja alisema mtu hawezi kuwa banda. Mwingine, mtu wa vitabu, akauliza kwa utulivu ni kifungu gani kinachokataza. Wakatafuta. Wakabishana kama banda sharti liwe na paa, na yule wa vitabu akasema sheria haikutaja paa. Wakabishana kama linaweza kutembea. Ikaonekana kwamba magari hutembea na hakuna aliyeyakataza. Nao walibishana kwa dhati kabisa, kama watu wanaotaka kumsaidia mtu lakini kwa njia zao tu. Mwisho ikakubalika: nyumba ya Bi. Zamda ikibaki bila mmiliki, hakuna tena wamiliki wawili, na tundu lililomo ndani ya banda si tundu la mpakani.

Bwana Kadiri alimsogelea mwanamke yule kwa hatua za polepole.

"Bi. Zamda, sikiliza nikuambie kabla sijaandika. Banda halimiliki nyumba. Yako itafungwa leo. Banda halisemi barazani. Halisalimiwi kwa honi asubuhi wala jioni. Nalo likianguka, halipigiwi honi ndefu. Umenielewa?"

"Halipewi pole."

"Halipewi."

"Hizo pole nimezisikia zinavyofanya kazi," Bi. Zamda alisema. Kisha, kwa upole zaidi, "Andika, mwanangu. Uji unapoa."

Desturi yao ni kwamba kila banda hutiwa alama ya chaki siku linapokubaliwa. Bwana Kadiri alitoa chaki mfukoni, akasita, akaichora alama ile begani kwa Bi. Zamda, juu ya nguo. Ilikuwa mistari miwili iliyosimama na mmoja wa kuiunganisha. Kuanzia wakati huo barabara nzima ilitazama pale alipokuwa amesimama kana kwamba hapakuwa na kitu, na Bi. Zamda akaingia bandani. Nyumba yake ikafungwa kwa kufuli la baraza.

Semkiwa alimfuata ndani. Alitaka kuomba radhi, lakini akaishia kulia. Mzee Kisauji, ng'ambo ya tundu, aliuliza ni nani anayelia, na sauti hiyo imeingilia wapi, dirishani au bandani. Bi. Zamda akamwambia, "Bandani, baba. Hiyo imesikika." Akamkabidhi Semkiwa bakuli lililobakiwa na uji kidogo, akamwonyesha kwa ishara kwamba anywe. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Banda halisemi, kaka. Lakini nenda salama, wala usijitese. Nimepata mtu wa kumhifadhi. Wengine humu mtaani wana mabanda mawili na hawana hata mmoja."

Bwana Kadiri alimsindikiza hadi mwisho wa nchi, na huko akampa nakala ya sheria aliyokuja kuitafuta, imefungwa kwa utepe. Semkiwa aliipokea kwa mikono miwili, maana adabu ni adabu. "Bwana Kadiri," aliuliza, "siku ukianguka wewe, nani atakusikia?"

"Mimi nina honi," Mpima Ujirani alisema, na aliposema hivyo alionekana mdogo, kama mtoto aliye mgongoni kwa mama. Akageuka, akarudi zake akigusa ardhi kwa ule ufito. Semkiwa anasema alimwonea huruma yeye kuliko mtu yeyote wa nchi ile. Nakala ya sheria aliiacha palepale juu ya jiwe, kwa yeyote atakayeihitaji.

Alifika mtaani kwetu saa ya kupika. Moshi wa Mzee Chamshama ulikuwa unapanda kama kawaida yake, unaingia dirishani kwa Semkiwa bila kuulizwa, na harufu ilikuwa ya maharage yaliyokaribia kuungua. Mkewe Semkiwa alimwona kwa mbali, akamletea kiti barazani. Hakukikalia. Alipita kichochoroni, pale walipozoea kuinamisha vichwa, akasimama mbele ya mlango ambao hakuwa ameukaribia kwa miaka miwili. Hakuwa na hakika hata kama mdomo wake bado unalijua lile neno.

"Hodi," alisema.

Ndani mwiko uliacha kukoroga.

"Hodi, Mzee Chamshama."

Mtu alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Semkiwa aliiona kandambili yake kwa chini, haisogei mbele wala nyuma.

"Hodi."

Adabu ya kwetu inasema hodi ni tatu, na asiyejibiwa hugeuka akaenda zake, wala hana lawama. Mkewe, kutoka barazani, alimwita arudi. Semkiwa akamkumbuka yule mzee na honi yake inayofifia. Akaukaribia mlango zaidi, akapiga ya nne.